K Yetu Kiwete

Tramu ya mtaa wa Nørrebro ilijaa watu wa kutoka kazini, na Ragna alikuwa amekumbatia bunda la linoliamu, tandiko gumu la sakafuni, lililokaribia kumshinda urefu. Lilimponyoka, likamwangukia mguuni mwanamume mwenye koti la kijivu.

"Dada, unahama na sakafu?"

"Nachonga picha za kuchapa. Linoliamu imeadimika, nimebandua ya jikoni. Mama hajajua bado."

"Akijua, mimi simo." Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa wino. "Naitwa Verner, mpiga chapa."

Alishuka akichechemea, na Ragna akacheka mpaka nyumbani. Hata kiangazi hakijaisha, walikuwa wapenzi, na Verner ndiye aliyechapa Krebsen, jarida la Ragna na wachoraji wenzake. Toleo la kwanza lilikuwa la karatasi nene, picha za rangi tatu zimebandikwa kwa mkono. Herufi ya chuma ya K kubwa, ya vichwa vya habari, ilikuwa imevunjika mguu, Verner akataka kuitupa.

"Iache, mpenzi. Inachechemea kama wewe siku ile."

"Basi itakaa kila toleo, kwa ajili yako."

Toleo la pili lilikuwa na rangi mbili. La tatu lilikuwa jeusi tupu, karatasi nyepesi hata maandishi yanaonekana upande wa pili. Wajerumani walikuwa wameiteka nchi, wamejaa kila mtaa, na karatasi ilitolewa kwa kibali, kwa hiyo Ragna alilimeza hilo. Kisha siku moja, dukani kwa Verner alikochapia, akaona nyuma ya kabati rundo la karatasi nyeupe safi.

"Si ulisema imekwisha?"

"Hiyo ina mwenyewe."

"Nani? Unawachapia Wajerumani?"

Verner aliangalia mikono yake. "Usiniulize, kipenzi."

"Kawaite wao kipenzi." Akavua skafu nyekundu aliyopewa naye, akaiacha juu ya mashine.

Kwa wiki mbili simu ililia asiipokee. Alimchukia, na alimkumbuka kila saa.

Asubuhi moja, kwenye foleni ya mkate, mwanamke mmoja alimtilia kitu kikapuni. Lilikuwa gazeti la siri, lile la kuwapinga Wajerumani, kwenye karatasi nyeupe safi. Katika kichwa cha habari, K ilikuwa haina mguu.

Yeyote mwenye nakala ya Krebsen angeijua herufi ile, na aliyeichapa. Alikimbilia simu ya duka la tumbaku.

"Verner, itupe ile K. Sasa hivi."

"Umeiona?" Sauti yake ilijaa furaha. "Kukwambia nilishindwa, ningekuponza. Nikasema macho yako yatakwambia."

"Mjinga wewe. Na wao wana macho."

"Mapenzi ni kikohozi, Ragna. Umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Nakupenda. Toka humo."

"Nachukua koti."

Akasikia kwenye simu kengele ya mlango wa duka la Verner, kisha mabuti. "Tumefunga, bwana," Verner alisema kwa mbali, kwa upole wake wa kila siku. Simu ikakatika. Hakurudi tena.

Toleo la nne lilichapwa kwingine, kurasa nane tu, na picha moja ambayo Ragna aliichonga kwenye kipande cha mwisho cha linoliamu ya mama. Alikaa jikoni, miguu juu ya mbao tupu, akapitisha kidole kwenye kila kichwa cha habari akiitafuta K yao. Zote zilikuwa nzima.