Bareti Isiyopata Joto

Jua lilikuwa linazama Assumani alipofika soko kuu la Kisangani kutafuta bareti. Ndivyo mafundi wa huko wanavyokiita kile kipande chembamba cha kumbukumbu kinachochomekwa ndani ya kompyuta. Mwaka ule, baada ya majeshi mawili ya kigeni kupigana kwa mabomu katikati ya mji, mtu mwenye akili timamu alitafuta chumvi na sabuni, si bareti. Lakini Assumani hakuwa na hiari. Mdogo wake Lukumani alikuwa amefungwa kambini, nje ya mji. Mwenye kambi alikuwa Komanda Hubert, na Komanda Hubert alitaka kompyuta yake ikimbie.

Ikimbie kwa kazi gani? Mchezo! Vita vilikuwa vimempa watu wa kweli wa kuwatesa, bado alishinda mbele ya kompyuta aliyoipora kwenye ofisi ya watu, akiendesha ndege za kwenye kioo na kuangusha mabomu. Kila adui alipokaribia, picha ilikwama. Alimwambia Assumani kwa upole kabisa kwamba mashine ikienda vizuri, Lukumani atarudi kwa mama yake. Isipokwenda, basi. Hakueleza hiyo basi maana yake nini.

Assumani alikuwa fundi wa kompyuta, akajua la kufanya. Injini ya kompyuta inaweza kusukumwa ikapita mwendo iliopangiwa kiwandani, ila bareti lazima iende nayo sambamba. Bareti ikichoka, kila kitu kinaganda. Alikuwa amejaribu mbili alizokuwa nazo nyumbani. Ya kwanza ilipiga mlio ikagoma kuwaka. Ya pili iliwaka, ikaenda vizuri mpaka ilipopata moto, kisha kioo kikajaa michirizi. Sasa alikuwa anapita kibanda kwa kibanda, akielekeza bareti kwenye mwanga kusoma namba zilizochapwa juu yake, maana yenye namba ndogo ndiyo inayojibu haraka. Zote alizoziona zilikuwa za polepole.

Wachuuzi walikuwa wanafunga. Hakuna aliyetaka kukutwa barabarani giza likiingia.

Mwisho wa safu alikuwa amekaa mama mmoja, si kijana si mzee, na vipuri vya redio vimetandazwa mbele yake juu ya gunia. Hapo palikuwa na harufu. Harufu ya chumba alicholala mgonjwa siku nyingi, madirisha yamefungwa...

"Unatafuta ya mbio, papa," mama alisema, kama huko wanavyomwita kila mwanamume baba, wala halikuwa swali.

Alimpa bareti. Assumani akaigeuza huku na huku. Haikuwa na namba hata moja. Fundi anayejua kazi yake hanunui bareti isiyo na namba, na yeye alikuwa fundi mzuri. Alikuwa pia mtu aliyekata tamaa. Jua la kutwa lilikuwa limeichoma pale juu ya gunia, lakini mkononi mwake ilikuwa ya baridi kama samaki aliyelala kwenye barafu.

"Itafika mwendo gani?"

"Ule utautaka."

Kisha mama akainua macho. "Ni ya nani?"

Kisangani ya wakati ule mtu hakutaja jina la komanda sokoni. Ukimtaja, mchuuzi anajua umekuja kuchukua bure, na majirani zako wanakuhesabu pamoja na askari wake. Kila mtu alikuwa na jina lingine la kusema. Assumani akalisema lililokuwa moyoni mwake.

"Ya mudogo wangu. Lukumani."

"Iko yake?"

"Njo," Assumani aliitikia. "Iko yake."

Mama akaisogeza bareti mdomoni, akainong'oneza, akaifunga kwenye kitambaa. Bei aliyoitaja ilikuwa ya kawaida tu, ndiyo maana Assumani hakuogopa.

Aliichomeka kule kambini, Komanda akiwa amesimama nyuma ya kiti. Akausukuma mwendo kidogo. Mashine ikakubali. Akausukuma tena, ikakubali bila hata kutetemeka. Akaigusa bareti kwa ncha ya kidole, kama afanyavyo fundi kuona kama inaungua.

Baridi.

Na chini ya mlio wa feni alisikia kitu kingine. Hhh... hhh... Pumzi ya mtu anayepanda kilima. Akamtazama Komanda, lakini Komanda alikuwa anacheka. Alikuwa ameshaangusha ndege yake ya kwanza.

Kwa furaha hiyo Assumani akaruhusiwa kumwona mdogo wake kwenye waya wa uzio. Lukumani alikuwa kijana wa mpira, mwenye kifua na maneno mengi. Sasa mvi zilikuwa zimemtoka juu ya masikio. Alimwita yaya, kama wadogo wa huko wanavyowaita kaka zao, akalalamika kwamba analala anaamka amechoka. Assumani alimwambia ni njaa, ni mawazo, yatapita. Yeye mwenyewe alitaka sana kuyaamini.

Lakini mtu aliyeonja mbio hatosheki. Komanda akaagiza mwendo uongezwe, na Assumani akauongeza. Alipokwenda tena kwenye waya, alimkuta Lukumani ameinama mgongo, meno ya mbele hayapo, mikono imejaa madoa.

"Yaya," alinong'ona, "ule askari ananiita muzee. Hanitanii."

Hapo Assumani alielewa mbio zile zilikuwa zinakula miaka ya nani. Hofu aliyoipata siku ile haikuwa ya uchawi peke yake. Ilikuwa ya kujua kwamba mkono uliomfanyia ndugu yake vile ulikuwa wake mwenyewe.

Alikimbilia sokoni. Mama alikuwa palepale juu ya gunia, na ile harufu yake. Hakuonekana kushangaa.

"Mama, murudishie."

"Nilikuuliza ni ya nani."

"Sikujua."

"Nilikuuliza mara mbili, papa."

Alimwomba aweke jina la Komanda. Alimwomba aweke lake yeye Assumani. Mama akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Bareti moja, jina moja."

"Na nikiitoa?"

"Itasimama hapo iko. Ile imekwisha kuliwa hairudi."

Basi aitoe. Hilo alikuwa ameshaliamua. Alirudi kambini siku ileile akiwa na bareti yake ya zamani mfukoni, lakini Komanda alikuwa na wageni, maofisa wenzake, na chupa zimepangwa mezani. Kwenye kona, Lukumani alikuwa ameketi chini, mlinzi amesimama juu yake.

"Technicien," Komanda alisema, akimwita fundi kwa Kifaransa, "leo ifike mwisho. Ikifika, unamupeleka nyumbani. Picha ikikwama mbele ya watu wangu, nitamumaliza hapa hapa. Donc, chagua."

Assumani alimtazama mdogo wake. Kuitoa bareti kulimaanisha risasi. Kuiacha kulimaanisha kidogo kilichobaki. Labda kingetosha kumfikisha kwa mama. Labda. Aliomba Mungu amsamehe, akausukuma mwendo mpaka mwisho.

Hhh-hhh-hhh-hhh...

Picha haikukwama.

Maofisa walipiga makofi. Komanda alitimiza ahadi yake, na katika maovu yake yote hilo ndilo ambalo Assumani hakuweza kamwe kumsamehe. Assumani alimkalisha Lukumani nyuma ya toleka, baiskeli ya kubebea abiria, akamfunga kwa kitenge asianguke, akaisukuma mwenyewe njia nzima. Hakuwa na uzito. Mlinzi wa lango aliwatania, akauliza tangu lini wanafunga mababu.

Mama yao, Nyota, alikuwa amesikia kwamba mwanawe anaachiliwa. Alikuwa amepika pondu, majani ya muhogo, na samaki, akavaa kitenge kizuri, akasimama mlangoni. Aliwaona wakija. Akamtazama mzee, kisha akatazama barabara nyuma yake.

"Karibu, papa," alisema kwa heshima, akamletea kiti. Kisha akamgeukia Assumani. "Mutoto wangu iko wapi?"

Lukumani alifungua mdomo. Sauti ilitoka kwa shida.

"Mama..."

"Ndiyo, papa," Nyota alijibu, kama mwanamke yeyote wa Kisangani anavyomjibu mzee yeyote anayemwita mama. Akamwekea chakula. Mzee aliutazama mkono wa mama ukimtilia samaki, akalia bila sauti, na Nyota akadhani ni njaa. Assumani alitaka kusema. Ungemwambiaje mama?

Mzee hakuimaliza sahani. Alikata roho pale kitini, akiwa ameshika ncha ya kitenge cha Nyota. Walimwosha, na Nyota akatoa shuka lake jipya liwe sanda, kwa kuwa mgeni hakuwa na mtu. Alimlilia kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyomlilia asiyemjua.

Yule mama wa gunia, wachuuzi waliokaa karibu naye walisema kila mmoja alidhani ni ndugu wa mwenzake. Hakuna aliyejua alikotoka. Wengine wanasema bado yupo.

"Ule papa iko na mama yake fulani," Nyota alisema walipotoka makaburini. "Uende kambini uulize watu wake. Na uniulizie Lukumani."

Kwa hiyo kila jioni Assumani hutoka, akaenda kukaa ukingoni mwa mto mpaka giza lianze. Akirudi humkuta mama yake mlangoni.

"Wamesema nini?"

"Wamesema kesho, mama."

"Bon," Nyota husema. "Kesho." Na huenda kulifunika fungu la chakula alilomwekea Lukumani lisiingie nzi.