Viganja Vilivyonuka

Makofi yalipokwisha, mtu mmoja aliendelea kupiga. Polepole, kama anayepigapiga nyama mbichi ubaoni. Sajini aligeuka amkemee, akakuta ukumbi mzima mikono imetulia magotini. Sauti ilitoka mbele, kwenye kiti cha igizo, na kiti kilikuwa kitupu.

"Nani huyo mpumbavu?"

"Hakuna mtu, afande," akajibu dereva wa boza la maji, ambaye ndiyo kwanza ameinuka kwenye kiti kile, jasho likimchuruzika.

Sajini akafunga mafunzo, wageni wa makao makuu wakaenda kunywa chai, naye akarudi kwake. Mkewe alimfungulia mlango, akarudi nyuma.

"Baba Mapacha, umeshika nini?"

"Sijashika kitu."

"Unanuka mzoga. Mikono hiyo! Usiwaguse watoto."

Alinawa kwa sabuni, akasugua kwa majivu, akamalizia na mafuta ya taa. Viganja vilibaki na utelezi, kama vya mtu aliyepasua utumbo wa mnyama aliyekufa juzi. Alilala sebuleni, mikono ameivisha soksi. Hata alipokula kwa kijiko, chakula kilinuka mzoga.

Kambini wote waliokuwa ukumbini walikuwa hivyohivyo. Hakuna aliyempa mwenziwe mkono. Meja, mkuu wa kombania, alishinda amevaa glavu nyeupe za gwaride na kusema ni mabomba ya choo yameziba.

Mabomba! Kila mtu aliijua sababu, akaimeza. Mafunzo yale yalikuwa ya kuzuia askari wasijiue. Amri ilitoka juu: viongozi wawafundishe vijana kumtambua mwenzao aliyekata tamaa, wamuulize waziwazi, wasimwache peke yake. Mwishoni huwa kuna igizo. Askari mmoja anakaa kitini, anajifanya amechoka kuishi, na mwingine anamhoji. Kombania hii ilikuwa na bingwa wake, fundi wa redio waliyemwita Msanii, na Meja alimchagua yeye kila mara. Msanii alikaa, akatazama buti zake, akasema, "Nikiamka nachukia kwamba nimeamka. Nawaambia, na hamnisikii." Machozi ya kweli, kamasi za kweli. Wageni walifurahi, Meja alichekelea, "Huyu angecheza sinema!" na makofi yakalipuka, Sajini akiwa wa kwanza. Msanii alipiga saluti, akarudi bwenini. Safari ya mwisho alirudi bwenini akajiua.

Na viongozi wake walifanya nini? Waliitisha mafunzo mengine haraka, ndiyo hayo yaliyoleta harufu, ili makao makuu yaone wanajali. Kitini Meja akamweka dereva wa boza, aliyekuwa akilala kitanda cha juu, marehemu cha chini, "maana wewe unayajua maneno yake." Inatia kichefuchefu hata kuisimulia.

Harufu ilipozidi, Meja alimleta mganga, mchana kweupe lakini kwa mlango wa jikoni. Alikuwa mama mnene mwenye hasira zake. Alikikaribia kiti, akaziba pua kwa mtandio.

"Nionyesheni viganja." Akanusa cha Sajini, akatema mate. "Mlimpigia nani makofi?"

"Ni igizo tu, mama," Meja akasema.

"Igizo! Mtu anawaambia anakufa, nyie mnashangilia! Jini huyu alikuwa hapa tangu Msanii wenu yuko hai. Alikaa naye kitini, akinona. Chakula chake ni hayo makofi yenu, na sasa mmemtafutia kijana mwingine."

"Mtoe basi. Jumatatu wageni wanarudi."

"Nimtoe vipi na nyie mmemwandalia meza? Mnyimeni!" Akabeba mkoba wake. Mlangoni akamgeukia Sajini, akanong'ona, "Yule kijana wa maji, umemuuliza?"

"Nimuulize nini, mama?"

"Haya. Endelea hivyohivyo."

Jumatatu dereva akakaa kitini, wageni mstari wa mbele. Alianza kusema maneno ya Msanii, na harufu ikapanda kutoka chini ya kiti, kwanza kama soksi zilizolowa, halafu kama panya aliyefia darini, halafu kitu kisicho na jina kilichoingia puani kikatua ulimini, na Sajini, ambaye tangu msiba hakuwa amemtazama kijana yule usoni, sasa akamtazama, akaona midomo imefungwa lakini sauti inaendelea, akaona nyuma ya shingo ile iliyokonda mikono miwili ya kijivu, mirefu, inayodondosha ute, imeinuliwa kando ya masikio ya kijana, viganja vikitazamana kama vya mtu anayevizia mbu, na akajua kwamba ukumbi ukipiga makofi, na ile nayo itapiga.

Meja alikuwa anavua glavu.

"Asipige mtu!" Sajini akasema. Akaenda akapiga magoti mbele ya kiti. "Mdogo wangu. Acha igizo. Unafikiria kujiua?"

"Afande, wageni..."

"Wageni wapotelee mbali. Nakuuliza wewe."

Kijana akainua macho. "Ndiyo, afande. Tangu mwenzangu afe. Namsikia anageuka kitanda cha chini."

"Umefanya vizuri kuniambia. Tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe, sasa hivi. Funguo za boza nipe. Bunduki yako nitaipeleka ghalani mwenyewe. Sikuachi."

"Sajini!" Meja alisema akiuma meno. "Unaharibu onyesho!"

"Nilipaswa kumuuliza Msanii, afande. Na wewe ulipaswa."

Meja akawageukia wageni, akacheka. "Mmeona uigizaji huo?" Akaanza kupiga makofi, peke yake. Mara hakuwa peke yake. Nyuma ya kiti jozi ya pili ilimfuatisha, polepole, kwa sauti ya nyama mbichi. Sajini hakugeuka. Alimshika kijana mkono wakatoka.

Daktari alimlaza kijana zahanati, na Sajini akakesha kwenye benchi hadi kaka wa kijana alipofika. Aliporudi nyumbani, mkewe alimnusa viganja, akavinusa tena.

"Umepata sabuni gani?"

Mapacha walikuwa wameshampanda mgongoni.

Lakini wageni walipendezwa na onyesho. Meja akapandishwa cheo, akapewa kazi ya kuzungusha mafunzo yale kambi zote za jeshi. Siku ya kumuaga, dereva wa boza alikuwa amerudi kazini, amenona kidogo mashavuni, amesimama mstarini kando ya Sajini. Meja alimaliza hotuba, akangoja. Askari wote walibaki mikono mgongoni. Akaingia garini, kiti cha nyuma.

"Afande," dereva wa boza akanong'ona, "si ameondoka peke yake?"

Sajini alitazama kioo cha nyuma cha gari. Kando ya Meja kilikaa kitu cha kijivu, kinene, kimemwegemea bega kama mtoto aliyeshiba. Kabla gari halijapita geti, makofi yakasikika, jozi mbili, mapigo yaleyale. Meja alikuwa anatabasamu, na glavu zake nyeupe zilikuwa zimelowa.