Nilimwita Gaju Mbele ya Wakwe

Nina miaka thelathini na tisa. Ni mjane, naishi peke yangu katika kijiji kidogo cha milimani, Bijombo, juu ya mji wa Uvira. Ukungu ukiondoka, nikiwa mlangoni naliona ziwa huko chini na vilima vya Burundi ng'ambo. Wageni husema ni pazuri. Mimi nikivitazama vilima vile nalikumbuka kaburi la mwanangu.

Ndugu wasomaji, nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu...

Vita vilipotufikia nilikuwa tayari mjane, na nilikuwa na mtoto mmoja, Eliya, wa miaka minne, na ng'ombe mmoja, Gaju. Alikuwa mwekundu, sikio lake la kushoto lilichanwa na mbwa. Baba alinipa siku nilipoolewa. Alikuwa na mimba kubwa, asingeweza kuteremka mlima ule. Nikamwacha kwa rafiki yangu Mama Riziki, ambaye yeye na watu wake waliamua kubaki.

Kwetu jambo hilo halina karatasi wala shahidi. Anayekutunzia ng'ombe anakunywa maziwa, ndama ni wako. Basi. Na ningemshukuje Mama Riziki? Tuliimba kwaya moja tangu usichana!

Tuliteremka siku mbili kwa miguu, tukavuka mto Ruzizi hadi kambi ya wakimbizi Burundi. Aliyembeba Eliya mgongoni njia nzima ni Noela, binti wa jirani yangu, msichana wa miaka kumi na tano tu. Jina hilo mlishike.

Kambini Eliya alianza kuvimba miguu. Mtoto aliyelelewa kwa maziwa sasa anakula ugali mtupu! Muuguzi alisema apate maziwa haraka. Nikampigia Mama Riziki simu, nikamwomba amuuze Gaju anitumie chochote. Akaanza kulia.

"Gaju ilishakufa, dada yangu. Ugonjwa ilipita huku, hata ndama haikubakia. Minye mwenyewe nililia sana!"

Nilimbembeleza. Mimi! Nikamwambia asijilaumu, ni mapenzi ya Mungu. Wiki tatu baadaye nilimzika Eliya.

Miaka mitano ikapita. Nilirudi kijijini bila kumtaarifu mtu. Mama Riziki alinikumbatia, akaniletea maziwa kikombe kizima, nikanywa yote. Ng'ombe wakarudi kutoka malishoni... nikaliona lile sikio! Nyuma yake mtamba mwekundu kama yeye, na ndama wawili.

Mama Riziki aliona ninakotazama. "Ile tuliuziwa na watu wa Katogota," akasema haraka haraka. Nikaitikia kwa kichwa. Tumboni mwangu mlikuwa na maziwa ambayo mwanangu alikufa akiyalilia!

Mngefanya nini? Ningeweza kwenda kwa chifu, au kwa mchungaji. Sikwenda. Kwa sababu jioni ileile Mama Riziki, akidhani nimedanganyika tena, alinipa habari njema. Mwanawe Riziki anaoa mwezi ujao. Mchumba ni Noela, aliyerudi na wazazi wake kabla yangu. Na ng'ombe wa mahari wako tayari, Gaju akiwemo.

Noela, yule yule aliyembeba Eliya wangu. Nilijua, wasomaji. Msije mkasema sikujua.

Mwezi mzima nilicheka na Mama Riziki. Nilimchambulia mchele, nilimshonea vitambaa vya meza, niliomba naye kwa sauti kanisani. Moyoni nilikuwa nachagua mahali pa kusimama siku hiyo.

Kwetu ng'ombe wa mahari hatolewi kimyakimya. Msemaji wa bwana harusi humsifu mmoja mmoja mbele ya wakwe, na kusema ametoka kwa nani. Siku ilipofika, nyumbani kwa kina Noela, msemaji wao alipomfikia Gaju alisema amezaliwa katika zizi lao.

Nikasimama. Nikaita kama nilivyokuwa nikimwita wakati wa kukamua: "Gaju weee! Gaju, ngwino!"

Akainua kichwa. Akaja! Akawapita wazee na viti vyao, akanusa kitenge changu, na mtamba wake akamfuata. Kisha nikasema yote, na jina la Eliya nikalitaja mara tatu. Mama Riziki alipiga magoti vumbini. Baba yake Noela akaokota fimbo yake.

"Binti yangu haiolewe na ngombe ya wizi," akasema, wakaondoka wote.

Nilifurahi! Sitaki kuwadanganya. Nililala usingizi mtamu kuliko miaka yote mitano.

Lakini Noela alikuwa mlangoni na gauni lake jeupe, na nilimwona. Baba yake hakutaka kusikia tena jina la Riziki. Watu wakaanza kumnyooshea Noela kidole kana kwamba ni yeye aliyeiba. Siku moja asubuhi alipita kwangu na furushi kichwani, akiteremka kurudi ng'ambo. Nilikimbia na kikombe cha maziwa. Hakukipokea.

"Mama Eliya, kama ungeniambia minye kwanza, ningekuletea ngombe yako mimi mwenyewe na kamba yake. Juu ya nini ulingoja siku yangu? Minye nilikukosea nini?"

Akageuka, akaendelea kuteremka, nami nikabaki na kikombe changu.

Mama Riziki sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Aibu ile ilimstahili, hata leo ningemtaka apige magoti. Lakini aibu niliyomwandalia yeye ilimwangukia msichana aliyembeba mwanangu siku mbili bila kulalamika.

Ndugu zangu, ukigundua umeibiwa, sema siku hiyo hiyo. Piga kelele, ita wazee, lia! Usikae na hasira yako ukiitafutia siku nzuri, maana siku hiyo huwa ni ya mtu mwingine.

Wazee walinirudishia Gaju na wanawe, sasa wako zizini kwangu. Kila asubuhi nakamua, najaza chombo, nawakaribisha majirani wanaopita. Wananisalimu vizuri, wanasema wameshakunywa kwao, wanaendelea na safari. Jioni nayamwaga maziwa yote.