Jasho la Shehe

Mama Funguo hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata kwa sababu ya funguo mbili kubwa alizozifunga kiunoni, moja ya lango na moja ya mlango wa kuba. Kuba hilo lilikuwa nyumba ndogo ya mawe yenye paa la duara. Ndani yake alizikwa shehe mmoja wa zamani, na watu walikuja kumzuru na kumwombea dua. Baba yake Mama Funguo ndiye aliyekuwa mtunzaji. Alipofariki, funguo zilibaki kwa binti. Kaka mtu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwa na mgongo wa kufagia.

Kila asubuhi Mama Funguo alikung'uta mikeka, akafagia ua, kisha akakaa mlangoni kungoja wageni. Akipata msikilizaji, basi tena, hamwachi mpaka hadithi iishe.

"Shehe wetu hakuja na mali," alikuwa akisema. "Alikuja kwa miguu, na tasbihi yake na mswala. Wakubwa wa mji wakamngoja awaendee. Wapi! Alikaa na wapagazi, wachota maji na watu waliotoka utumwani. Akawafundisha kusoma. Akawafundisha kumtaja Mungu pamoja, wamekaa duara. Siku moja akaja mkubwa mmoja, akauliza, 'Mahali pangu pa mbele ni wapi?' Shehe akamwambia, 'Duara halina mbele. Kaa penye nafasi.'"

Wageni wakicheka, yeye aliwangoja wamalize, kisha akaendelea. Aliwaeleza kwamba shehe naye alifundishwa na mwalimu wake, na mwalimu huyo na wa kwake, hadi nyuma kabisa. Mnyororo huo wa walimu ndio unaoitwa silsila. Wanafunzi wa shehe ndio waliolijenga kuba baada ya kufa kwake.

Lakini miaka ya karibuni wageni wengi hawakuja kwa ajili ya hadithi. Walikuja kwa ajili ya ukuta.

Ukuta wa upande wa kichwani ulikuwa unatoka maji. Asubuhi ungeona matone yamesimama juu ya rangi ya kijani inayong'aa. Mtu mmoja alisema ni jasho la shehe. Wa pili akasema shehe anahuzunika kwa sababu wajukuu zake wa kiroho wanagombana. Haikupita muda, watu wakawa wanakuja na vitambaa. Wanapangusa ukuta, wanapangusa uso. Mama mmoja alimpangusa mwanawe mwenye vidonda shingoni, na mtoto akapiga yowe. Mama Funguo alisema ni dalili ya dawa kuingia. Moyoni hakuwa na hakika, ila alishasema.

Sasa ukuta ulikuwa umetokeza tumbo. Lipu ilivimba na kudondoka vipande vipande, na ufa ulipanda hadi karibu na paa. Kaka, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kuba, alikuja Alhamisi mchana pamoja na mke wake. Alisimama uani akiwa ameshika kiuno.

"Dada, hili tunalibomoa," alisema. "Kesho baada ya swala kamati inakaa, nami nitalisema. Tutajenga ukumbi mzuri wa vigae na feni. Kaburi litabaki katikati, limezungushiwa vyuma."

"Ubomoe kuba la shehe? Una wazimu wewe?"

"Likianguka juu ya watu ndiyo utafurahi?"

"Haliwezi kuanguka. Shehe analilinda. Huoni anavyotoka jasho?"

"Jasho!" Kaka aligeuka akamtazama mkewe. "Unamsikia wifi yako? Ukuta unatoka jasho!"

Mkewe hakuwa mtu wa kukaa katikati ya ugomvi huku analo la kufanya. "Nawasikia wote wawili, na wote mnanichosha," alisema. "Binti wa dada yangu anafanya kazi ya kutunza majengo ya kale. Yuko mjini wiki hii. Nimwite aangalie, au mnataka kwanza kutoana macho?"

Hakungoja jibu. Alitoa simu akampigia papo hapo.

Binti alifika alasiri hiyo hiyo, amevaa buti zenye vumbi na mkoba mzito begani. Alivua buti mlangoni, akasalimu, akakaa mbele ya kaburi na kusoma Fatiha kabla ya kugusa kitu chochote. Hapo Mama Funguo alimpunguzia hasira kidogo. Lakini jina alimpa papo hapo.

"Haya, Mtaalamu," alisema. "Na wewe utaniambia shehe ni mwongo?"

"Mambo ya shehe si somo langu, mama. Mimi nazungumza na ukuta tu. Niazime mkono wako."

Alitoa mfuko wa plastiki, akaufunika mkono wa kulia wa Mama Funguo na kuufunga kwa mpira kwenye kifundo, bila kubana. Kisha akamwacha hivyo. Alizunguka kuba akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mahali pengine ukisikika mzito, pengine mtupu. Aliinama akatazama chini ya bomba la kutawadhia. Aligusa tone moja ukutani, akalionja.

"Ni chumvi," alisema. "Mama, mkono wako unaendeleaje?"

Mama Funguo aliunyanyua. Ndani ya mfuko vidole vilikuwa vimelowa, na plastiki imejaa matone.

"Mkono wako una huzuni gani?" Mtaalamu aliuliza.

Mke wa Kaka alicheka hadi akashika mlango. Kaka naye alicheka. Mwenye mkono hakucheka.

"Usikasirike, mama, sikuchezei," binti alisema huku akiufungua mfuko. "Watu wa zamani walijenga kwa mawe na chokaa. Ukuta wa chokaa ni kama shati la pamba. Maji ya ardhini yanapanda ndani yake kila siku, lakini yanatoka nje na kukauka. Ukuta unapumua. Saruji na rangi ya mafuta ni kama mfuko huu. Maji yanaingia kwa chini, hayana pa kutokea. Yanabeba chumvi ya ardhini, na chumvi ikikauka inavimba, inasukuma lipu, inavunja hata jiwe. Hilo ndilo tumbo mnaloliona. Na chumvi hiyo hiyo mtu akiipaka kwenye kidonda itamwasha sana."

Mama Funguo alimkumbuka yule mtoto aliyepiga yowe.

"Rangi napaka mimi," alisema. "Kila mwaka kabla ya kisomo cha kumkumbuka shehe. Nachagua ile inayong'aa kuliko zote. Kwa hiyo ni mimi ninayemharibia shehe nyumba yake?"

"Rangi ni sababu moja tu. Hii lipu ya saruji hapa chini kaipiga nani?"

Kaka alikohoa. "Nilitoa mifuko dukani kwangu. Kwa thawabu."

"Na hili bomba, mbona limewekwa kwenye ukuta wa kaburi? Linavuja, na maji yote yanaingia kwenye msingi."

Kaka alilitazama bomba kama vile halijui.

"Mwambie," mkewe alisema. "Au nimwambie mimi?"

"Ni sadaka yangu vilevile," Kaka alisema kwa sauti ndogo.

Sasa alicheka Mama Funguo, na alicheka sana, mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Hata hivyo, Kaka hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Basi kama limeshaharibika, si ndiyo maana nasema tubomoe?"

"Niruhusuni nibandue kipande kimoja tu," Mtaalamu alisema. "Nataka kuona kama jiwe la ndani bado ni zima. Likiwa bovu, nitasimama na wewe mbele ya kamati."

Mama Funguo alizishika funguo kiunoni. Akikataa, kesho kamati itaamua kulibomoa kuba. Akikubali, huenda likahukumiwa leo. Alipiga moyo konde na kuitikia kwa kichwa.

Mtaalamu alivaa miwani ya kazi, akapitisha ncha ya patasi chini ya lipu iliyovimba. Rangi ilibanduka kama ganda, kijani juu ya bluu juu ya njano. Kisha kipande kizima cha saruji kikadondoka. Nyuma yake palikuwa na chokaa nyeupe, ina unyevu, lakini imelishika jiwe barabara. Na juu ya chokaa palikuwa na alama za viganja.

Vilikuwa vingi, vipana na vyembamba, vimepishana ovyo.

"Wanafunzi wake ndio waliolianza hili," Mama Funguo alisema polepole. "Baba alinisimulia nikiwa mdogo. Hawakupaka kwa brashi. Kila mwaka tajiri na mpagazi walichota chokaa kwenye ndoo moja, wakapaka kwa mikono, kila mtu penye nafasi. Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Alisema zilipokuja rangi za makopo, zikapakwa na mtu mmoja, watu wakaacha."

Aliunyoshea ukuta kidole. Usawa wa macho yake palikuwa na kiganja kikubwa chenye kidole cha kati kifupi.

Baba yao alikuwa pia seremala. Msumeno ulimkata ncha ya kidole hicho kabla hawajazaliwa.

Kaka alisogea. Alivua kofia. Aliweka kiganja chake juu ya kile cha baba, na vidole vyake vikatosha, isipokuwa kile cha kati, kilichozidi.

"Nilikuwepo siku alipopaka, wewe hujazaliwa bado," alisema. "Nilitaka nami nipake. Akanifukuza, akasema chokaa mbichi itaniunguza. Nililia siku nzima." Alifuta pua kwa mkono wa kanzu. "Mzee wangu. Nami nilimzika mara ya pili kwa saruji."

Jiwe lilikuwa zima. Kesho yake kwenye kamati, Kaka alisimama akasema halibomolewi. Mjumbe mmoja alimuuliza vipi kuhusu ukumbi wa vigae. Alijibu kwamba vigae vipo dukani, anayevipenda akavinunue kwa ajili ya nyumba yake.

Kwanza walilihamisha bomba, wakalijengea mfereji unaopeleka maji mbali na msingi. Kisha wakabandua saruji na rangi taratibu, wakikiacha kipande chenye viganja vya wazee kikae kama kilivyo. Mtaalamu aliuondoa ukutani unga mweupe wa chumvi kwa brashi kavu, wala hakuruhusu maji. Ufa waliujaza kwa mawe madogo na chokaa. Baada ya hapo waliambiwa wangoje. Kungoja ndiko kulikowashinda watu, maana ukuta ulionekana mbaya kwa miezi mingi na majirani walikuwa na la kusema. Mama Funguo aliwajibu wote neno moja: "Unapumua."

Siku moja yule mama wa mtoto mwenye vidonda alirudi naye, kitambaa mkononi. Alipangusa ukuta, kitambaa kikatoka kikavu.

"Jasho limeisha?" aliuliza.

Mama Funguo angeweza kusema lolote, naye angeaminiwa. "Halikuwa jasho, mwanangu. Yalikuwa maji ya chumvi, na kosa lilikuwa letu. Nilikudanganya bila kujua, na mtoto akaumia. Nisamehe. Mpeleke hospitali leo hii. Mkirudi tutakaa pamoja tumwombee dua."

Yule mama alimshika mwanawe mkono. Aliondoka bila kuaga. Wiki mbili baadaye alirudi na mtoto mwenye shingo safi, akauliza kama anaweza kusaidia kufagia.

Kisomo cha mwaka huo kilipokaribia, ndoo ya chokaa iliyolowekwa vizuri iliwekwa uani. Mtaalamu alikataa katakata mikono mitupu. Chokaa inaunguza ngozi, alisema, na jichoni ni hatari zaidi. Kila mtu mzima alipewa glavu na miwani, na watoto wakakaa mbali wakiimba. Kwa viganja vyenye glavu walipaka wenye maduka, walipaka wapishi, alipaka yule mama, kila mtu penye nafasi. Kuba likawa jeupe pote, isipokuwa kile kipande chenye viganja vya zamani.

Siku ya kisomo Kaka aliwaleta wageni wake mashuhuri. Aliwapeleka kwenye ukuta mweupe wenye alama za viganja vipya akiwa amejaa fahari.

"Na changu ni kile…" alianza, akanyoosha kidole, akakirudisha. Alisogea kushoto, akasogea kulia. Glavu zilikuwa za saizi moja. Viganja vyote vilikuwa sawasawa.

"Dada! Kiganja changu ni kipi hapa?"

Mama Funguo alikuwa mlangoni, funguo kiunoni, anawapanga watu waketi duara kwa ajili ya zikri.

"Sijui, kaka," alisema. "Njoo ukae. Hapa pana nafasi."