Ofisi Iliyosikiliza

Ilianza na harufu. Ulikuwa mwezi wa Septemba, Dodoma yote imekauka kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa, upepo unakusanya vumbi jekundu na kulimwaga hadi kwenye vikombe vya chai. Lakini ofisi ya serikali ya Mtaa wa Mabwawani ilinuka udongo mbichi. Wala si ile harufu tamu ya mvua ya kwanza. Lilikuwa tope la chini kabisa, tope lililokaa gizani hadi likaoza.

"Ritha, kuna bomba limepasuka humu?" aliuliza mwanamke aliyeitwa Mgeni. Alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai aliyomletea shoga yake.

Ritha, mwenyekiti mpya wa mtaa, aliinua uso akacheka. "Bomba gani, mwenzangu? Maji yenyewe wiki nzima hayajatoka."

Mgeni naye akacheka, akamimina chai, akarudi kwenye cherehani yake. Alishona nguo barazani kwake, ng'ambo ya barabara, mlango wa ofisi ukiwa mbele ya macho yake.

Wawili hao walikuwa wametoka mbali. Msimu wa mvua uliopita, tuta lililozuia maji ya korongo yasishuke kwenye makazi lilibomoka alfajiri. Wakazi walikuwa wameona nyufa zake mapema. Walimwendea mwenyekiti wa wakati huo, mzee William, wakaambiwa wasubiri. Wakarudi tena, wakakuta mlango umefungwa. Maji hayakusubiri. Yalizoa nyumba za matofali mabichi pamoja na waliolala ndani. Yalimchukua Anthony, mume wa Ritha. Yalimchukua Lulu, binti wa pekee wa Mgeni. Na siku hiyo, kabla Ritha hajajua kama mumewe yu hai, yeye ndiye aliyeingia kwenye tope hadi kiunoni akamtoa Lulu, akampangusa uso kwa kanga yake mwenyewe.

Baada ya matanga, wanawake wa Mabwawani walikataa kunyamaza. Walibeba masufuria yao wakahamia mlangoni pa ofisi, wakapika hapohapo, wakala hapohapo, wakadai uitishwe mkutano wa wakazi ambao mzee William alikuwa hajauitisha kwa miaka. Walitukanwa, wakaitiwa mgambo, wakakaa. Mwishowe mzee alijiuzulu, akasema ni afya. Uchaguzi ukaja, Ritha akapita bila mpinzani wa maana.

"Kuanzia leo," alisema siku alipoapa, "hakuna atakayeingia mlango huu asisikilizwe." Vigelegele vilivyopigwa siku hiyo vilisikika hadi Msalato.

Basi watu wakaanza kwenda kusikilizwa. Kila mmoja alikuwa na maiti wake, na wote walitaka jambo moja: tuta lijengwe kabla ya mvua.

Yasinta alikwenda mapema. Mtoto wake Brighton alikuwa amekufa na maji, na tangu siku hiyo mama huyo hakupita njiani bila kufuta machozi. Mgeni alimwona akiingia, kichwa kimeinama. Alipotoka, alitembea kama binti anayetoka kisimani asubuhi, mikono inaning'inia, uso laini.

"Mama Brighton!" Mgeni alimwita. "Vipi, amesemaje kuhusu tuta?"

Yasinta aligeuka akatazama nyuma yake, kisha akamtazama Mgeni. "Unamwita nani?"

"Si wewe?"

"Mimi naitwa Yasinta, dada yangu. Hivi mlenda sokoni bado wanauza saa hizi?" Akaenda zake, akiimba taratibu.

Mgeni alibaki na mguu juu ya kanyagio la cherehani. Alijiambia kwamba majonzi yana vituko vyake. Lakini kesho yake aliingia Tumsifu, kijana aliyefiwa na mkewe, ambaye kwenye mikutano sauti yake ilikuwa juu kuliko za wote. Akatoka akipiga mluzi. Mgeni alipomuuliza kuhusu mkewe, Tumsifu alicheka kwa aibu. "Dada Mgeni, nani kakuambia mimi nimeoa?"

Wakaendelea kuingia, mmoja baada ya mwingine, na wakaendelea kutoka na nyuso zile laini. Kelele za mtaa zikapungua. Hakuna aliyetaja tena tuta. Mgeni, aliyekuwa akilala na kuamka na jina la Lulu kinywani, alijikuta mpweke katika mtaa ambao jana wote walikuwa wafiwa.

Siku moja mchana, jua likiwa utosini, alivuka barabara akaingia ofisini.

Ndani kulikuwa na baridi. Ritha aliketi nyuma ya meza, mikono juu ya mbao, hakuinua uso. Toka chini ya sakafu ilisikika sauti ya tone, kisha kimya kirefu, kisha tone.

"Ritha, watu wamekuwaje? Yasinta hamkumbuki mwanawe."

"Suala lake lilipokelewa," Ritha alijibu. Sauti ilikuwa yake, ila ilitoka polepole, kama inapandishwa kwa kamba kutoka mahali palipo na kina.

"Ritha, ni mimi. Unaumwa?"

"Karibu uketi. Shida yako ni nini?"

"Unaijua shida yangu."

"Nitajie." Ritha aliinama mbele. "Ulimpoteza nani?"

Mgeni alihisi jina la mwanawe likimpanda kooni lenyewe bila yeye kuliita, likafika kwenye ulimi, tamu kama lilivyokuwa tamu siku ya kwanza alipoliita, na papo hapo akaona kwamba chini ya meza miguu ya shoga yake ilikuwa ndani ya maji meusi yaliyotulia, maji ambayo hayakutiririka wala kulowesha sakafu hatua moja mbele, na ndani ya maji hayo, karibu na kisigino, kitu kama midomo kilifunguka na kufumba, kikifunguka na kufumba, kama mtoto anayengojea kijiko. Akauma ulimi hadi damu ikatoka. Akageuka, akakimbia na jina la Lulu mdomoni.

Hakusimama mpaka mtaa wa Kikuyu, kwa mjomba wake Abdulnasiri, mzee wa kisomo ambaye watu wa dini zote walimwendea walipoishiwa na njia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Tema hiyo damu kwanza, ndipo useme."

Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavuta ndevu.

"Ofisi hiyo imejengwa juu ya kisima," alisema. "Enzi za misafara, wapagazi walipumzika hapo na mizigo yao. Waliokufa njiani kwa homa walitupwa mle, pakafukiwa. Walikuwa wageni, hakuna aliyewauliza majina. Jini aliyekuwa akikaa kisimani alibaki na watu hao, na toka hapo amejifunza njaa moja tu. Anakula majina ya wafu."

"Mbona wakati wa mzee William hakufanya kitu?"

"William alimsikiliza nani?"

Mgeni akaficha uso kwa viganja. Wao wenyewe, kwa masufuria yao na vigelegele vyao, ndio waliomketisha pale mtu mwenye masikio.

Walikwenda siku ya Jumamosi baada ya sala ya alasiri: Abdulnasiri na chetezo chake, Mgeni, na Evelina, dada yake Ritha, aliyeshika rozari kwa nguvu hadi shanga zikamwachia alama kiganjani. Walimkuta Ritha ameketi vilevile. Hakuwa amerudi nyumbani kwake toka Alhamisi.

Mzee alifunga mlango, akafukiza ubani, akaanza kusoma. Moshi haukupanda. Uliteremka, ukatambaa sakafuni, ukanywewa na nyufa za saruji.

"Wewe uliyempanda mwanamke huyu," mzee alisema, "shuka."

Kinywa cha Ritha kilifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya wengi.

"Mlitaka kusikilizwa. Nimewasikiliza."

"Rudisha ulichochukua."

"Nilichukua? Walinipa. Waliingia wakilia, wametoka wakiimba. Nani kati yenu amewahi kuwafanyia hivyo?"

Evelina alianza kulia. "Dada yangu hakukupa kitu!"

"Huyu alinipa wa kwanza," sauti ilisema kwa upole.

Abdulnasiri alisoma kwa sauti zaidi, na kadiri alivyosoma ndivyo maji meusi yalivyozidi kujitokeza kwenye nyufa, yakapanda hadi kwenye vifundo vya miguu yao, baridi ya kukata mfupa, na kutoka chini kukaja mnong'ono wa watoto na wanaume na wanawake, kila mmoja akijitaja, Brighton, Brighton, mimi Brighton, majina yakigongana na kuzamana, na Mgeni akaziba masikio kwa nguvu zake zote kwa sababu aliogopa kusikia la Lulu, na aliogopa zaidi kutolisikia. Mzee alipiga kiganja chake juu ya meza mara moja. Chini ya sakafu kitu kilianguka, kikaendelea kuanguka, na hawakusikia kikifika.

Maji yakawa hayapo. Saruji ilikuwa kavu, na ina vumbi.

Ritha alidondoka kwenye mikono ya dada yake. Alipofumbua macho, macho yalikuwa yake. "Nina kiu," alisema. "Jamani, mbona mnalia?"

Evelina alimkumbatia, akambusu paji la uso. "Mungu mkubwa. Anthony huko aliko amekuona, dada."

"Anthony nani?" Ritha aliuliza.

Mzee Abdulnasiri alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake. Walipofika nje Mgeni alimshika kanzu.

"Mjomba, si ametoka?"

"Humu ametoka, mwanangu."

"Sasa yuko wapi?"

Mzee alitazama upande wa mjini, ambako maghorofa mapya yaling'aa kwa jua la jioni. "Kwa yeyote anayesikiliza," alisema.

Ritha aliacha uenyekiti. Hakuona sababu ya kuendelea nao. Alisema hata hakumbuki kwa nini aliutaka. Mgeni alipomwonyesha picha ya harusi ya Ritha na Anthony, aliitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha za ugenini, akasema mwanamume huyo ana sura nzuri.

Mgeni akabeba mzigo peke yake. Alipita mlango kwa mlango, akaandika, akapiga simu, akafukuzwa kwenye mapokezi na kurudi tena. Na Novemba, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya upande wa Mtera, akafanikiwa: afisa kutoka mjini angekuja kusikiliza wakazi, na kama madhara yangethibitishwa, tuta lingejengwa.

Watu walijaa uwanja wa shule. Afisa alikuwa kijana mpole aliyevaa shati jeupe. Aliwaamkia wazee shikamoo, akakataa kiti cha mbele, akakaa kwenye benchi pamoja na wananchi.

"Nimekuja kuwasikiliza," alisema. "Nani hapa alipoteza mtu?"

Watu walitazamana. Yasinta alimtazama Tumsifu, Tumsifu akatazama chini. Ritha alikuwa akibandua maganda ya karanga. Hakuna mkono ulioinuka.

Mgeni alisimama. Akainua mkono. Kama asingesema yeye, tuta lisingejengwa, na mvua ilikuwa inakuja.

"Mimi," alisema. "Nilimpoteza binti yangu."

Afisa aliinama mbele. Viatu vyake, Mgeni aliona, vilikuwa vimelowa.

"Pole sana, mama," alisema kwa sauti ya huruma ya kweli. "Nitajie jina lake."

Mgeni alitazama viatu vile. Alitazama mawingu. Aliwatazama majirani zake, na watoto waliobaki, waliokuwa wakicheza kwenye mchanga wa korongo lenyewe. Alijua. Akavuta pumzi, akalishika jina kwa mara nyingine, akalikaza moyoni kama mtu anavyomkaza mtoto mgongoni kabla ya kuvuka mto.

"Lulu," alisema.

Afisa akaitikia kwa kichwa. Upepo ukapita uwanjani.

Mgeni alikuwa amesimama katikati ya watu, mkono wake uko juu, na hakujua kwa nini.

"Mama, ulikuwa na swali?" afisa aliuliza.

"Hapana," alijibu kwa aibu. "Samahani." Akaketi.

Afisa alishukuru, akasema kwa kuwa hakuna madhara yaliyotajwa mtaa uko salama, akaagana nao kwa heshima. Watu wakaanza kutawanyika wakitazama mbingu. Evelina, aliyekuwa amefika hivi punde na ambaye hakuwahi kuketi mbele ya meza ile, alimsogelea Mgeni akamshika mkono.

"Unalia, dada."

Mgeni aligusa shavu lake. Lilikuwa limelowa kweli, na machozi yalizidi kuja, mengi, ya moto, yakimdondokea kifuani.

"Ni kweli," alisema, akivitazama vidole vyake. "Kwani kumetokea nini?"