Mfukuza Ndege wa Kianjai

Kila jioni baada ya masomo, wasichana wa shule yetu pale Kianjai walikuwa wakicheza mpira wa mikono. Kinya yeye aliketi kando, akilinda sweta za wenzake. Alikuwa ametoka Tharaka mwaka huo kuja kukaa na shangazi yake. Kule alizoea kulinda mtama kwa kuwatupia ndege madongoa. Nahodha, Felicitas, aliposikia hayo, hakumwacha apumue.

"Mfukuza ndege! Njoo utufukuzie inzi!"

Wenzake walicheka wakashika mbavu. Hawakuwa na haya hata chembe!

Siku moja mpira ulitoka nje ukamfikia Kinya. Aliurusha, ukavuka uwanja mzima. Mwalimu Hodo, mwalimu wa michezo, alikuwa akitazama.

"Wewe, kesho uvae jezi," alisema.

Lo! Kumbe shida ndiyo ilianza. Kila Kinya aliporusha, mpira ulimgonga kipa kifuani. Felicitas alimpigia makofi ya dharau. Nyumbani nako shangazi alimwambia, "Msichana mwenye mikono kama ya mchoma makaa, nani atamtaka? Wacha huo upuzi, nenda ukateke maji."

Kinya aliteka maji huku akilia. Asubuhi alirudisha jezi.

"Siwezi, Mwalimu. Mimi kazi yangu ni kufukuza ndege tu."

"Kwani ndege ulikuwa ukimkosa?"

"La. Nilimtazama yeye tu, nikampata."

"Basi hapo ndipo unapokosea. Unamtazama kipa kama ndege. Tazama mahali ambapo hayupo. Na hiyo jezi siipokei."

Tangu siku hiyo wawili hao walibaki uwanjani wengine wakienda nyumbani, mwalimu mwenyewe akisimama golini. Hakumbembeleza. Kinya akikosea, aliambiwa arudie.

Siku ya fainali dhidi ya shule jirani, mabao yakiwa sawa na muda ukiyoyoma, tulipata penalti. Felicitas alikuwa benchi, kidole kimeumia. Mwalimu alimwita Kinya.

"Shoo! Shoo!" watazamaji wa shule yetu walipiga kelele wakipunga mikono kama wanaofukuza ndege. Felicitas naye alipunga, nahodha wake mwenyewe! Kinya aliwatazama wote wale, machozi yakamlengalenga. Kisha akaiona kona ya chini ya goli. Hapakuwa na kipa pale, wala hapakuwa na mtu wa kumcheka. Akarusha, na wavu ukatikisika.

Wale wale waliompigia kelele walikimbia kumbeba. "Kinya wetu!" alipaza sauti Felicitas.

Mwalimu Hodo alimvuta kando. "Furahi nao, lakini usiwategemee. Ukikosa kesho, watakufukuza tena. Nguvu ulikuja nazo kutoka Tharaka. Kilichokuangusha ni kuwatazama wanaokucheka, ukaamini wanayosema. Mwanangu, mpira huenda macho yalipo."

Jumatatu jioni, Felicitas alimtupia Kinya sweta kama zamani. "Nilindie!"

Kinya aliiacha ikaanguka vumbini, akaingia uwanjani.