Kidole Tumbo cha Halyna

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Halyna Woroniuk alibeba ndoo ya maji ya moto hadi kwenye banda la sungura. Wakati wa baridi kali kama ule, maji ya sungura yaliganda usiku kucha, na kuyayeyusha ilikuwa kazi yake. Ijumaa hiyo aliitua ndoo katikati ya banda, akajishika tumbo. Maumivu yaliyoanzia kitovuni sasa yalikuwa yameshuka upande wa kulia.

"Mbona umekunja uso?" aliuliza babu yake, aliyekuwa akigawa majani makavu.

"Baridi tu, Babu."

"Na chai hukuigusa."

"Jamani! Mtu akikosa njaa ni kosa?"

Halyna alikuwa na miaka kumi na miwili, naye ndiye golikipa wa timu ya hoki ya barafu ya shule yao. Kesho yake ilikuwa fainali. Wavulana wa timu pinzani walikuwa wametangaza kwamba kumweka msichana golini ni kuacha mlango wazi. Halyna aliapa kuwafunga midomo, tumbo liume lisiume.

Jioni, kabla ya mazoezi, rafiki yake Teagan alimkuta chooni akitapika.

"We Halyna! Unaumwa!"

"Siumwi. Na ukimwambia kocha, urafiki wetu umekwisha."

Teagan alimtazama, machozi yakimlengalenga. "Basi na uishe," alisema, akatoka mbio.

Kocha Lindqvist alikuja bila kupoteza muda. "Halyna, unaumwa wapi?"

"Siumwi popote! Teagan anataka nafasi yangu."

"Vizuri. Nirukie kwa mguu wa kulia, mara moja tu."

Halyna aliinua kidevu, akaruka. Mguu ulipogusa sakafu, alihisi kama amechomwa kisu. Akaanguka kwa magoti, jasho likimtoka. Hata hapo alinong'ona, "Kesho nacheza."

Hakucheza. Babu alimkimbiza hospitali katikati ya theluji, na usiku huohuo akafanyiwa upasuaji. Alipozinduka vizuri kesho yake alasiri, Daktari Okemaw, mama mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa kando ya kitanda.

"Kidole tumbo chako kilikuwa kimevimba," alisema. "Kingepasuka, tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

"Kina kazi gani hicho?"

"Kwako wewe, kazi ndogo sana. Huenda kinahifadhi vijidudu vyema vya tumboni, lakini unaweza kuishi bila hicho. Ni mabaki ya kale. Umewahi kuona sungura akipasuliwa?"

"Mara nyingi. Babu anafuga."

"Basi unajua lile fuko kubwa lililojaa majani yaliyosagika. Sungura hula majani tupu, na humo ndimo yanamochachuka mpaka yatoe chakula. Mababu zetu wa zamani mno, kabla hawajawa binadamu, huenda nao walikuwa na fuko kubwa kama hilo. Chakula kilipobadilika, likasinyaa kizazi baada ya kizazi. Kwetu limebaki fuko dogo, na kile kidole kining'iniacho mwishoni mwake."

Halyna alikasirika. "Kitu kisicho na kazi, kinathubutuje kunitoa kwenye fainali?"

Daktari alicheka hadi mabega yakatikisika. Babu, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, hakucheka.

Mlango ukafunguliwa kidogo, Teagan akachungulia. "Tumefungwa sita," alisema kwa woga. "Nimekuja tu kuona kama uko hai. Naondoka."

"Ingia, bwana," Halyna alisema. "Nilikusingizia kwa kocha. Nisamehe."

Teagan akaja, akaketi ukingoni mwa kitanda.

Daktari Okemaw alimgeukia Halyna. "Sikiliza, binti. Babu yako amenisimulia yote. Sikuombi uache ubishi. Wabishie wanaosema msichana hafai golini, tena uwabishie mpaka wachoke. Lakini mwili ukikuambia unaumwa, usiubishie, na anayekuuliza kwa upendo usimdanganye. Hakuna ushujaa katika kuficha ugonjwa. Aliyekuwa shujaa jana ni huyu, aliyekubali umchukie ili upone."

"Nimekuelewa, Daktari," Halyna alisema, akaushika mkono wa Teagan. "Ila mwakani golini nakaa mimi."

"Kidonda kikipona," alisema daktari, "nitakuja kutazama."